Mume wangu fundi wa kuchomelea ameambiwa awekewe betri ya moyo. Je, ataweza kurudi karakana?

Shikamoo Shangazi,

Ninakusoma kila wiki, na leo nimeamua kukuandikia kwa sababu usiku sipati usingizi. Naishi Tanga, nina miaka 41, mume wangu ana miaka 47. Yeye ni fundi wa kuchomelea: mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Kazi hiyo ndiyo iliyotujengea nyumba na kuwasomesha watoto wetu watatu.

Mwaka jana alianza kuchoka. Akipanda kilima kidogo anahema, usiku analala kwa mito mitatu, miguu ikavimba. Tulihangaika na dawa za pumu mpaka tukapelekwa Dar es Salaam. Wakampima eko, kile kipimo cha picha ya moyo, tukaambiwa moyo umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu ni asilimia 25. Mishipa ya moyo waliipiga picha, haijaziba. Amekunywa dawa miezi minane bila kuruka hata siku moja. Kuvimba kumeisha, sasa anatembea hadi msikitini na kurudi. Lakini eko ya juzi imeonyesha asilimia 28 tu.

Kilichotutisha ni hiki. Mwezi wa tatu, akiwa amesimama anaongea na mteja, alianguka ghafla kama mti uliokatwa. Hakujishika popote, kidevu kilipasuka. Akazinduka mwenyewe kabla hata maji hayajaletwa. Akavalishwa kile kimashine cha kupima mapigo kwa saa 24, kikaonyesha moyo una vipindi vifupi vya kwenda mbio mbaya. Daktari akasema awekewe kifaa cha kushtua moyo kifuani, na huenda kikawa cha nyaya tatu kwa sababu ECG yake, kile kipimo cha umeme wa moyo, ina kasoro upande wa kushoto. Alieleza kwa utaratibu kabisa. Ila mimi niliposikia "anaweza kufa ghafla" masikio yaliziba, sikushika neno jingine. Tunatakiwa kurudi tarehe 14 na jibu.

Shemeji yangu mkubwa aliitisha kikao. Anasema mwenye mashine hiyo hafi kwa amani: roho inataka kutoka, mashine inairudisha kwa shoti, na hata waoshaji wa maiti watapigwa. Mama mkwe analia tu. Mdogo wao anasema kuna mzee Lushoto ana dawa ya majani inayorudisha moyo ulivyokuwa. Halafu akauliza, hiyo betri itachajiwa na nini wakati umeme wenyewe unakatika kila mara? Nami nina hofu yangu: hata friji letu linapiga shoti ukishika mlango na miguu ina maji. Itakuwaje kwa mtu mwenye umeme kifuani?

Mume wangu mwenyewe hasemi kitu. Jioni anakwenda karakana, mashine imezimwa, anakaa kwenye benchi amepakata miwani yake ya kuchomelea mpaka magharibi. Vijana wake wawili ndio wanaomalizia vikazi vidogovidogo.

Shangazi, mashine hii itauponya moyo? Ataweza kurudi kuchomelea? Na unisamehe, hili naona haya kuliuliza: tutaweza kuishi kama mke na mume? Tangu aanguke hanigusi, nami naogopa kumgusa.

Mke wa Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na umfikishie mumeo pole yangu. Kabla ya kuanza safu hii nilifanya kazi ya uuguzi kwenye kliniki ya moyo kwa miaka mingi. Masikio kuziba kama yalivyoziba yako nimeyaona kwa wake, kwa waume, hata kwa wauguzi wenzangu walipokuwa upande wa ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo tuanze upya, taratibu.

Mtaani tunasema "betri ya moyo" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni vitatu. Kuna betri ya moyo unaopiga polepole mno. Hiyo inangoja moyo uchelewe, kisha inausukuma upige. Ndiyo wanayowekewa wazee wengi, na si hiyo aliyoambiwa mumeo. Ya pili ni betri ya shoti, ambayo madaktari huiandika ICD. Hii inakaa macho usiku na mchana ikisikiliza mapigo, na moyo ukiingia katika mbio za kuua inaukatiza. Ya tatu ni ya nyaya tatu. Kazi yake ni kufanya pande mbili za moyo zikaze kwa pamoja, maana kwa watu wengine umeme wa moyo unachelewa kufika upande wa kushoto, upande mmoja unakaza wakati mwenzake bado. Ya pili na ya tatu zinaweza kuunganishwa katika kifaa kimoja, na nikisoma barua yako naona hicho ndicho daktari alichokuwa akikifikiria.

Sasa lile anguko. Mtu anayepatwa na kizunguzungu cha kawaida huwa anapata nafasi ya kushika ukuta au kukaa chini. Mumeo hakujishika, akapasuka kidevu. Anguko la namna hiyo kwa mtu mwenye moyo dhaifu ndilo tunalolihofia kuliko yote. Vyumba vya chini vya moyo vinaanza kukimbia mara 200 kwa dakika au zaidi, au vinatetemeka tu kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi: inacheza, lakini haifanyi kazi yoyote. Damu haisukumwi. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kumi hivi, mtu yuko chini. Safari nyingine mbio hizo zinakatika zenyewe na mtu anazinduka, na inaelekea ndivyo ilivyokuwa siku ile. Safari nyingine hazikatiki, na kutoka hapo ni suala la dakika. Gari la wagonjwa halifiki Tanga mjini kwa dakika hizo, na hata ulaya mara nyingi halifiki.

Aliyeibuni betri ya shoti alijua uchungu huo. Michel Mirowski, daktari mzaliwa wa Poland, alikuwa akifanya kazi Israel chini ya mkuu wake, Harry Heller. Heller akaanza kupatwa na mbio hizo za moyo, na mwaka 1966 akafa ghafla. Wakati huo ili mtu kama yeye aokolewe ilibidi akae hospitali maisha yake yote, karibu na mashine kubwa ya kushtua moyo. Mirowski akajiuliza kwa nini mashine isimfuate mtu badala ya mtu kuifuata mashine. Wakubwa wa fani walimpinga hadharani. Alihamia Baltimore, Marekani, akashirikiana na Morton Mower, na mwezi Februari 1980 mgonjwa wa kwanza akawekewa. Ile ya kwanza ilikuwa na uzito wa zaidi ya gramu 200, ilikaa tumboni, na kifua kilipasuliwa ili kuiunganisha na moyo. Ya leo haifiki gramu 100, inakaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na nyaya zinapitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni bila kupasua kifua. Mara nyingi mgonjwa anachomwa ganzi na dawa ya kusinzia, na kesho yake au keshokutwa anakwenda nyumbani. Na siku hizi hamhitaji kwenda India; tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kazi pale Muhimbili mwaka 2015, mambo mengi ya moyo yaliyokuwa yakitupandisha ndege yanafanyika nchini.

Umeuliza kama itauponya moyo. Betri ya shoti peke yake haiponyi. Moyo uliotanuka utabaki umetanuka, na asiyeambiwa hilo mapema huja kuvunjika moyo mara mbili. Inachokizuia ni kile kifo cha ghafla. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,521 wenye nguvu ya moyo asilimia 35 kushuka chini. Baada ya miaka 5, katika kila watu 100 waliokuwa kwenye dawa za kawaida pekee walikufa 36, na katika 100 waliowekewa betri walikufa 29. Utaona hapo kwamba wengi wangeishi hata bila betri, na wengine walikufa wakiwa nayo. Kuna pia utafiti wa Denmark wa mwaka 2016, wa watu 1,116 wenye moyo dhaifu usiotokana na mishipa iliyoziba, kama wa mumeo. Huko vifo vya ghafla vilipungua karibu nusu, lakini hesabu ya vifo vyote haikutofautiana sana, isipokuwa kwa wagonjwa wenye umri mdogo, ambao walifaidika waziwazi. Nakueleza haya yote ili usidhani nakusukuma. Lakini mumeo ana miaka 47, amekunywa dawa miezi minane na nguvu imepanda nukta tatu tu, mbio zimeonekana kwenye kipimo, na ameshaanguka. Ukiniuliza mimi, ushauri wa daktari wenu umesimama pale pale unapostahili.

Ule waya wa tatu ni habari nyingine, na hapo ndipo penye tumaini la moyo wenyewe. ECG ikiwa na kasoro ile ya kushoto na mistari yake ikawa imetanuka vya kutosha, kuzioanisha pande mbili kunaweza kuupa moyo nguvu, pumzi ikarudi, hata ukubwa wa moyo ukapungua. Katika utafiti wa Ulaya wa mwaka 2005, wenye dawa peke yake walikufa 30 kati ya 100, na waliooanishwa wakafa 20, kwa muda wa miaka miwili na nusu hivi. Si kila mtu anaitikia. Karibu theluthi hawaoni nafuu kubwa. Kwa hiyo swali la kwanza la tarehe 14 liwe hili: "Daktari, ECG yake imetanuka kiasi gani, na anafaa nyaya tatu au hapana?" Mwombe akuonyeshe kwenye karatasi. Mistari ile ni mirahisi kuelewa mtu akikuonyesha kwa kidole.

Na dawa zinaendelea. Nimeona watu wakirudi na betri mpya huku wameacha bisoprololi na spironolaktoni, wanasema "si nina mashine sasa?" Mwaka haukupita wamejaa maji. Anunue mzani, ajipime kila asubuhi akitoka chooni kabla ya chai. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu apige simu kliniki siku hiyohiyo. Chumvi ipungue kweli. Najua nyumba za Tanga zinavyopenda papa mkavu na ng'onda, lakini chumvi iliyohifadhi samaki yule ndiyo inayorudisha maji miguuni. Na ile ya majani ya Lushoto naomba msiichanganye na vidonge vyake. Figo za mtu mwenye moyo dhaifu ziko kwenye uzi mwembamba, na baadhi ya dawa zake hupandisha potasiamu, madini ya damu yanayogusa mapigo ya moyo. Majani msiyojua yamebeba nini yanaweza kuleta zile zile mbio mnazozikimbia.

Nije kwa shemeji yako mkubwa, nami namjibu kwa heshima, maana hofu yake nimeikuta kwa watu wa dini zote. Betri haina uwezo wa kumzuia mtu kufa. Ajali, maradhi mengine, moyo uliochoka kabisa, vyote hivyo vinamchukua mwenye betri kama asiye nayo. Inachokifanya ni kukata mbio za umeme, basi. Misuli ikishindwa kukaza, shoti haiifufui. Lakini kuna jambo ambalo ana haki ya kulihofia. Mgonjwa akifika mwisho wa safari yake huku betri iko hai, inaweza kumpiga shoti katika saa zake za mwisho, na hilo ni mateso yasiyo na faida. Dawa yake ni rahisi: sehemu ya shoti inazimwa kwa kompyuta ya kliniki iliyowekwa juu ya kifua, bila kisu na bila maumivu. Kuzima hivyo hakumuui mtu wala hakumharakishi. Mwambieni daktari mapema kwamba siku ikifika mtataka izimwe, naye aandike kwenye faili. Waoshaji hawana hatari. Hata anayemshika mgonjwa shoti inapopiga huhisi mtekenyo tu. Hakuna haja ya kumtoa betri marehemu ili azikwe. Wanaolazimika kuitoa ni wanaochoma maiti, kama ndugu zetu Wahindu, kwa sababu betri hulipuka motoni. Nadhani kaka mtu akiyasikia haya kutoka kwa daktari mwenyewe atatulia. Nendeni naye.

Na yule mdogo wao aliyeuliza betri itachajiwa na nini: haichajiwi. Betri imefungwa ndani pamoja na kompyuta yake, haihusiani na umeme wa nyumbani, na hudumu miaka kama 7 hadi 10, ikipungua haraka zaidi ikiwa inapiga mara nyingi. Ikikaribia kwisha kliniki inaona miezi kadhaa kabla, na kinachobadilishwa ni kiboksi. Nyaya huachwa kama ni nzima. Lakini friji lenu ndilo limenishtua. Kitu chochote kinachovujisha umeme, iwe friji, pasi, hita ya maji au mashine ya karakana iliyoungwaungwa, kinaweza kuidanganya betri ikadhani moyo unatetemeka, ikampiga shoti moyo ukiwa salama. Mwiteni fundi umeme aweke ethi.

Sasa karakana. Nimelisoma lile fungu la benchi na miwani mara tatu, na naamini kimya chake kiko pale. Nadhani mumeo anapima kichwani: nikikubali betri, kazi yangu imekwisha, nikikataa, naweza kurudi. Kaa naye umwambie kwamba kukataa hakumrudishii karakana. Mtu anayeanguka bila kujishika hawezi kushika moto, wala kupanda ngazi kufunga grili ghorofani, awe na betri au asiwe nayo. Lile anguko ndilo lililomwondolea rodi mkononi. Betri ndiyo inayoweza kumrudisha, ingawa si pote alipokuwa.

Hatari yenyewe ni hii. Mashine ya kuchomelea inapitisha mkondo mkubwa, na mkondo huo unazungukwa na nguvu ya sumaku. Nyaya zilizo moyoni zinaunasa kama antena ya redio. Betri ikisikia kelele ile inaweza kukosea ikapiga shoti. Watengenezaji wana masharti yao, na yale niliyopata kuyasoma huweka kikomo cha ampea (kipimo cha ukubwa wa mkondo) 130 au 160, arki, yaani ule moto wa kuchomelea, iwe angalau sm 60 kutoka kifuani, kebo zisipite begani wala zisizungushwe mwilini, klampu ya ethi ifungwe karibu na pale panapochomelewa, glavu na viatu viwe vikavu, na akihisi kizunguzungu aache papo hapo na kusogea mbali. Kwa ampea, grili ya nondo nyembamba na rodi ya 2.5 iko chini ya kikomo. Geti zito na rodi ya 4 linakipita. Ila umbali ndio mtihani: fundi aliyechuchumaa juu ya grili, uso uko nusu mkono kutoka kwenye moto, hiyo sm 60 anaitoa wapi? Grinda na drili ni nafuu, mradi asizikumbatie. Aziweke sm 30 kutoka kwenye betri.

Kwa hiyo maoni yangu, na daktari ndiye mwenye neno la mwisho: miezi ya mwanzo asishike rodi kabisa. Baadaye, wakishaipima betri mara moja mbili na hakuna shoti, aulize kama anaweza kuchomelea vitu vidogo mezani, mkono umenyooka, kijana akiwa pembeni. Kazi nzito iende kwa vijana. Yeye apime, achore, apange bei, akague, afundishe. Mafundi wakubwa wengi huacha kushika rodi wakiingia miaka ya hamsini kwa ajili ya macho na mgongo, na karakana zao zinaendelea kuingiza. Wateja wanafuata jicho la fundi. Hilo bado analo. Pikipiki asiendeshe mpaka aruhusiwe. Nchi nyingi humsubirisha mtu aliyezimia hata miezi 6.

Kuna jambo moja la baada ya upasuaji ambalo nitalirefusha, kwa sababu nimeona lilivyomgharimu mtu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama mcheshi, betri imekaa vizuri. Mwezi wa tatu ngozi juu ya betri ikawa nyekundu, ikawa ya moto, ikainuka kama jipu. Akaenda zahanati ya karibu, wakamtumbua kwa sindano ili kutoa usaha. Ile sindano ilipeleka wadudu ndani kabisa. Ikabidi kila kitu kitolewe, kiboksi na nyaya, akalazwa wiki nyingi kwa dawa za mshipani, kisha akawekewa upya upande wa kulia. Aliishi, Alhamdulillahi. Kwa hiyo wekundu, uvimbe, majimaji, mshono unaofunguka au homa isiyoeleweka: asiguswe na mtu, asiminywe, asitumbuliwe, apande basi aende palepale alipowekewa. Na wiki nne hadi sita za mwanzo asinyanyue mkono wa upande ule kupita bega, nyaya zisije zikachomoka kabla hazijashika. Mkono wenyewe autumie kwa mambo madogo, asiufunge kama umevunjika, bega litakauka.

Shoti yenyewe inauma, sitakuficha. Mgonjwa wangu mmoja aliniambia ni kama mtu amempiga ngumi kutokea ndani. Mara nyingi betri huanza kwa mapigo ya haraka yasiyouma, na hayo yakikata mbio yeye hata hajui. Ikipiga shoti moja na akabaki mzima, ajipumzishe, mpigie kliniki siku ile. Zikiwa mbili au zaidi ndani ya siku moja, au moja tu lakini kifua kinauma, pumzi inakata au amezimia, huo ni usiku wa kukimbilia hospitali. Wengine baada ya shoti ya kwanza huogopa hata kutoka nje. Hofu hiyo ni ugonjwa unaotibika, isemwe kliniki. Kadi ya betri akae nayo kwenye pochi, aionyeshe uwanja wa ndege, kwa daktari wa meno, na kabla ya MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku, au upasuaji wowote. Simu asiiweke mfuko wa shati upande wa betri. Sm 15 zinatosha. Na kwenye harusi asiegemee spika kubwa, sumaku zake zinaweza kuizuia betri isipige inapotakiwa.

Swali lako la haya si la haya, mwanangu. Nimeulizwa na watu wazima kuliko wewe. Mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kukata pumzi, moyo wake unamudu tendo la ndoa. Msubiri kidonda kipone, mwanzoni asibebe uzito wake kwa mkono wa upande ule. Shoti ikitokea mkiwa pamoja, wewe hutadhurika. Baadhi ya dawa za moyo hupunguza nguvu. Akiona hivyo aseme kwa daktari, zinabadilishika. Asinunue vidonge vya nguvu za kiume dukani kimyakimya: vikikutana na dawa za kutanua mishipa za jamii ya nitreti, presha huporomoka hadi kuua. Na nyinyi wawili, kabla ya yote hayo, anza kwa kumshika mkono pale kwenye benchi. Amekaa miezi akidhani unamwogopa.

Gharama. Ombeni mchanganuo kwa maandishi: kifaa, chumba cha upasuaji, siku za kulala, vipimo vya kurudia. Kama mna bima, barua ya idhini itoke kabla ya kulazwa. Kama hamna, muoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo mapema, msingoje mpaka deni lizaliwe. Pigeni pia hesabu ya nauli za Dar, kwa sababu betri inataka kupimwa kila miezi mitatu hadi sita, na hesabu ya kiboksi kipya miaka ijayo. Kuna nchi ambako hospitali hutumia vifaa vilivyokwisha kutumika vikasafishwa upya; utafiti wa mwaka 2020 uliofuatilia wagonjwa 1,051 waliowekewa vifaa hivyo haukuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya hivyo na vipya. Hospitali ikiwapa njia hiyo kwa utaratibu rasmi, isikilizeni. Kifaa cha kuletewa na mtu mkononi, kataeni.

Kabla ya tarehe 14, mpe mumeo daftari na kalamu. Wewe andika swali la ECG, kaka mtu aandike la kuzima betri, na lile la karakana aliandike yeye mwenyewe kwa mkono wake, ampea za mashine yake na saizi za rodi anazotumia. Fundi wa betri pale kliniki atazihitaji hizo namba. Na friji, leo hii, lichomoeni.